Shujaa ni nani? Kufundisha watoto wa materneli moyo wa kusaidia

Kila mwaka, tarehe 16 na 17 Januari, Kongo inakumbuka mashujaa wake wa taifa, Laurent-Désiré Kabila na Patrice Lumumba. Kazi zinasimama, redio zinapiga hotuba za zamani, na nyumbani watoto wa miaka mine wanauliza: shujaa ni nani? Makala hii inaeleza namna wazazi na walimu wa materneli wanaweza kujibu swali hilo hapa mashariki, mahali ambapo mtu mwenye nguvu anayeonekana na mtoto mara nyingi ni mtu mwenye silaha.

Swali dogo lenye uzito

Katika avenyu za Goma, Bukavu, Bunia, Beni au Uvira, watoto wanakata mgomba, wanatengeneza bunduki, wanajipanga. Mmoja anakuwa komanda, wengine wanatii. Mchezo huo hauonyeshi kwamba mtoto ni mbaya. Anaiga alichokiona. Ameona kwamba mwenye bunduki anapita bila kupanga mstari, kwamba papa na mama wananyamaza akifika, na kwamba wakati mwingine anachukua chakula bila kulipa. Kwa akili ya miaka mine, huyo ndiye mukubwa.

Inchi hii inajua mawazo hayo yanaweza kufikisha mtoto wapi. Neno «kadogo», ambalo kwa kawaida ni jina la kumwita mtoto kwa mapendo, lilipata maana nyingine katika vita vya 1996 na 1997, wakati watoto walipotembea na AFDL hadi Kinshasa. Huko Ituri, watoto wa chini ya miaka 15 waliingizwa katika kundi la Thomas Lubanga mwaka 2002 na 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ilimkuta na hatia tarehe 14 Machi 2012, ikampa kifungo cha miaka 14. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inasema kwamba kuingiza mtoto wa chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au kundi la silaha kunaadhibiwa kwa kifungo cha miaka 10 hadi 20.

Bunduki ya mgomba haimfanyi mtoto kuwa askari. Umaskini, woga na kulazimishwa vinafanya kazi kubwa zaidi. Lakini picha ya «mutu wa nguvu» inaanza kuchorwa mapema, kabla mtoto hajajua kusoma. Mzazi au mwalimu anaweza kuweka picha nyingine kando ya ile.

Materneli ni ya nani?

Nchini Kongo, materneli inachukua miaka mitatu, kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Kwa miaka 6, mtoto anaingia shule ya msingi. Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 ni ya shule za msingi za serikali. Materneli haimo, njo maana watoto wengi hawaifikii. Wanabaki na koko, na yaya, au na mama sokoni na shambani. Katika kambi za wakimbizi wa ndani, wengine wanakusanyika mahali pa michezo panaposimamiwa na walezi wa kujitolea.

Kwa hiyo yanayosemwa hapa hayahitaji kalasi, wala ubao, wala vitabu vya picha. Yanahitaji mtu mzima anayeongea na mtoto. Na aongee naye kwa lugha ya nyumbani. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike katika kufundisha, na mtoto wa miaka mine anaelewa wema haraka zaidi kwa Kiswahili, Kinande, Mashi au Kilendu kuliko kwa Kifaransa anachokariri tu.

Mtoto wa umri huu anaelewa nini?

Mwaka 2006, watafiti wawili waliofanya kazi Ujerumani, Felix Warneken na Michael Tomasello, walitazama watoto wa miezi 18. Mtu mzima anaangusha kitu na hawezi kukifikia. Au anataka kufungua kabati na mikono yake imejaa. Watoto wengi walikwenda kumsaidia bila kuombwa na bila kulipwa. Kwa maneno mengine, hamu ya kusaidia haiingizwi kutoka nje na mwalimu. Inakuwa tayari ndani ya mtoto, kazi ya mkubwa ni kuilinda isizimike.

Mwaka 2008, hao hao wawili walionyesha jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii. Watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi kila waliposaidia walipunguza kusaidia zawadi ilipoisha. Wale ambao hawakupewa kitu waliendelea. Bonboni kwa kila tendo zuri inamfundisha mtoto kutafuta bonboni.

Kuna pia mambo ambayo mtoto wa miaka 3 hadi 5 hawezi kuyabeba. Tarehe hazimwambii kitu. «Uhuru», «taifa» na «katiba» ni sauti tu. Wengi wa umri huu bado hawaelewi kwamba aliyekufa harudi. Hadithi yenye damu na mateso itamletea ndoto mbaya bila kumfundisha lolote. Anachoelewa vizuri ni hiki: mtu alikuwa na shida, mtu mwingine akaona, akafanya kitu, na yule wa kwanza akapata nafuu. Hadithi ya shujaa yeyote inaweza kupunguzwa mpaka ikae katika hatua hizo nne.

Kuanza na watu wa karibu

Walimu wengi wanaanza na picha ya Lumumba ukutani. Kwa mtoto mdogo ni rahisi zaidi kuanza na mtu anayemfahamu, ambaye anaweza kumwona akifanya kazi. Muganga wa kituo cha afya anayewachoma sindano ya chanjo. Mama anayemchukua mtoto wa jirani wakati mwenzake amekwenda kujifungua. Mwenye chukudu anayesimama kumsaidia mwenzake kusukuma mlimani. Wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu wenye jile zao. Motari anayembeba mgonjwa usiku.

Swali la kumuuliza mtoto ni fupi: «Ule mutu anafanyaka nini?» Halafu: «Anamusaidiaka nani?» Mtoto akijibu mara tatu au nne kuhusu watu mbalimbali, anaanza kuona mwenyewe kitu kinachowaunganisha. Hapo neno «shujaa» linaweza kuingia, na linakuta maana yake tayari ipo.

Mashariki ina mifano mikubwa ya aina hiyo. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama. Watu walikwenda Sake, Minova, Bukavu na kwingine. Maelfu walilala katika nyumba za watu ambao hawakuwafahamu, wakala chungu kimoja na wenyeji. Familia zinazopokea wakimbizi zinafanya hivyo mpaka leo, na mtoto wa nyumba hiyo anashiriki bila kujua, kwa kugawana mkeka na sahani. Inafaa aambiwe: «Weye pia uliwapokea wageni. Uliwapa nafasi ya kulala.»

Mfano mwingine ni wa Ebola, iliyodumu Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020. Huko Beni na Butembo palikuwa na nyumba za kutunzia watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wanatibiwa. Waliowabeba na kuwalisha watoto hao walikuwa watu waliopona Ebola. Kwa kuwa mwili wao ulikuwa umepata kinga, waliweza kuwakumbatia watoto wakati wengine wote waliogopa kuwagusa. Mtoto wa miaka mitano anaielewa hadithi hii yote, kwa sababu anajua kubebwa kuna maana gani.

Mashujaa wa inchi, kwa kipimo cha mtoto

Baada ya watu wa karibu, majina makubwa yanaweza kufuata. Kila jina lichukue dakika mbili au tatu, na jambo moja tu.

*Patrice Lumumba.* Alizaliwa mwaka 1925 huko Onalua, Sankuru, akafanya kazi ya posta Kisangani kabla ya kuwa waziri mkuu wa kwanza mwaka 1960. Mtoto mdogo anaweza kuambiwa kwamba zamani watu wa Kongo hawakuruhusiwa kujiamulia mambo katika inchi yao, na Lumumba akasimama akasema hilo si haki. Kifo chake cha tarehe 17 Januari 1961 na namna mwili wake ulivyotendewa visubiri miaka ya shule ya msingi. Mtoto akiuliza «Yuko wapi sasa?», jibu ni la kweli na fupi: «Alikufa, na watu wanamukumbuka.»

*Daktari Denis Mukwege.* Ni mzaliwa wa Bukavu, alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad. Kwa mtoto: ni muganga anayetibu wamama walioumizwa, na anawaambia watu wa dunia nzima waache kuwaumiza. Waliumizwa namna gani, halisemwi katika umri huu.

*Floribert Bwana Chui.* Kijana wa Goma, aliyezaliwa 1981, alifanya kazi katika Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi (OCC). Alikataa hongo ili asiruhusu chakula kilichoharibika kuingia sokoni, na aliuawa Julai 2007. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Alikuwa pia rafiki wa watoto wa mitaani. Kwa mtoto: watu walitaka kuuza chakula kibovu, yeye akasema «Apana, watu watagonjwa», na hata walipompa pesa akaendelea kusema apana. Watoto wa materneli wanaipenda hadithi hii, maana wote wanajua tumbo linavyouma.

*Profesa Jean-Jacques Muyembe.* Mwaka 1976 alikwenda Yambuku, mahali ambapo watu walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana, akachukua damu ya mgonjwa ili ichunguzwe. Ugonjwa huo ukaitwa Ebola. Kwa mtoto: alitaka kujua ugonjwa unatoka wapi ili watu wapone. Hadithi inaisha kwa kunawa mikono, wote pamoja.

*Walezi wa Senkwekwe.* Huko Rumangabo, katika hifadhi ya Virunga, kuna watu wanaolea gorila (ngagi) mayatima, wanawalisha na kucheza nao. Watoto wanaelewa haraka kwamba hata mnyama anaweza kuhitaji mtu.

Wazazi na walimu waangalie pia hesabu ya majina. Mtoto akisikia wanaume peke yao juma zima, msichana wa kalasi ile anajifunza kwamba yeye hayumo. Muuguzi, mkunga, mama anayekusanya likelemba ili mwenzake alipe hospitali, wote wapewe nafasi yao.

Matendo yanayolingana na umri

Hadithi bila tendo inasahaulika kesho yake. Kwa miaka 3, mtoto anaweza kumpelekea bebe kikombe, kuokota kilichoanguka, kusema «pole» kwa anayelia. Kwa miaka 4, anaweza kugawa bitumbura sawasawa kati ya wenzake, kumwonyesha mtoto mgeni choo kiko wapi, kumngojea anayetembea polepole. Kwa miaka 5, anaweza kumshika mkono mdogo wake njiani, kupanga viatu vya wote, kumwita mkubwa mtu akiumia.

Namna ya kusifu nayo ina kazi. «Muzuri sana!» inapita haraka. Inafaa zaidi kutaja kilichotokea: «Ulimupelekea bebe kikombe, akaacha kulia. Aksanti.» Hapo mtoto anaona tunda la tendo lake, na hilo linamtosha bila zawadi.

Maneno yenyewe yanapimwa pia. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2014 ulikuta kwamba watoto wa miaka 3 hadi 6 walisaidia zaidi walipoambiwa habari za «kuwa msaidizi» kuliko walipoambiwa «kusaidia» tu. Lakini utafiti wa baadaye ulionyesha upande wa pili: mtoto aliyeitwa msaidizi, halafu akajaribu kusaidia akashindwa, akamwaga maji kwa mfano, alivunjika moyo zaidi. Inaonekana vizuri basi kumwita mtoto msaidizi wakati wa furaha, na anapokosea kuongea juu ya tendo: «Maji imemwangika. Tutafuta pamoja, halafu utajaribu tena.»

Bunduki za mgomba

Kukataza kwa fimbo hakuondoi mchezo. Unahamia nyuma ya nyumba. Mlezi anaweza kuingia katika mchezo na kuugeuza: «Huyu amejeruhiwa. Nani ni muganga? Nani ataleta machela?» Vipande viwili vya mti na kitenge vinakuwa machela, na bunduki zinawekwa chini kwa sababu mikono ina kazi nyingine. Komanda wa jana anaweza kuwa dereva wa ambulansi leo.

Kuna watoto ambao hawachezi tu. Wameona nyumba ikichomwa au mtu akiuawa, na wanarudia kitu kimoja kila siku bila furaha, hawalali, au wanakojoa tena kitandani wakati walikuwa wameshaacha. Mtoto huyo asilazimishwe kusikiliza hadithi za mashujaa, na asiambiwe «kuwa jasiri, usilie». Anahitaji kwanza mtu wa kukaa karibu naye, ratiba isiyobadilika, na kama dalili zinaendelea, apelekwe kituo cha afya au kwa mshauri wa kisaikolojia pale anapopatikana.

Mahali pa kuweka mipaka

Kufundisha kusaidia kuna hatari zake, na hapa mashariki zinatakiwa kutajwa waziwazi.

Ya kwanza ni vyuma vya vita. Mtoto anayetaka kuwa shujaa anaweza kuokota kitu alichokikuta shambani ili amletee papa. Kanuni ni moja, irudiwe kila juma: usiguse, rudi ulikotoka, ita mukubwa. Mtoto aelewe kwamba kuita mukubwa ni ushujaa kamili. Ni vile vile kwa moto, ziwa na mto: mwenzako akianguka majini, piga kelele, usimfuate.

Ya pili ni watu wenye nia mbaya. Wengine wanamvuta mtoto kwa kumwomba msaada: «Njoo unionyeshe njia», «Nisaidie kubeba hii». Mtoto afundishwe kwamba mtu mzima mwenye shida anaomba msaada kwa watu wazima wenzake. Akiombwa na asiyemfahamu, jibu lake ni: «Apana, ninaenda kuita mama.» Kusema hivyo si utovu wa adabu, na mzazi asimkemee kwa ajili ya hilo mbele ya wageni.

Ya tatu iko ndani ya nyumba. Msichana wa miaka mitano anayebeba bidoni ya lita 20, au anayeshinda na mtoto mgongoni wakati kaka yake anacheza mpira, hafundishwi moyo wa kusaidia. Amepewa mzigo wa mtu mkubwa. Tendo la kusaidia la umri huu ni dogo, ni fupi, na wavulana wanalifanya sawa na wasichana.

Mpango wa juma moja

Mwalimu, koko au mlezi anaweza kujaribu mpango huu, dakika 15 kwa siku:

– Siku ya kwanza: watoto wanataja mtu mmoja aliyewasaidia nyumbani. Kila mmoja anasema jina na tendo.

– Siku ya pili: mtu wa mtaa anaalikwa, muganga au mama wa soko, aeleze kazi yake kwa maneno machache na aonyeshe chombo kimoja anachotumia.

– Siku ya tatu: hadithi moja ya shujaa wa inchi, katika hatua nne: shida, kuona, tendo, nafuu. Watoto wanaigiza.

– Siku ya nne: tendo la pamoja. Kufagia uwanja, kumpelekea maji mzee wa jirani kwa vikombe vidogo, kumchorea mgonjwa picha.

– Siku ya tano: duara. Swali ni moja: «Nani alimusaidia mwenzake hii juma?» Mtoto hajitaji mwenyewe, anamtaja mwenzake. Asiyetajwa na mtu, mwalimu amtaje kwa jambo la kweli aliloliona. Kwa hiyo inabidi mwalimu awe ametazama watoto wote tangu siku ya kwanza.